Spika za kompyuta zinakata na kurudi? Usizipige kofi, soma hapa kwanza



Leo naomba tuongelee sauti. Sio ile kompyuta isiyotoa sauti kabisa, hiyo ina nafuu, maana kilichokufa kinajulikana kimekufa. Naongelea ile inayoimba asubuhi, mchana kimya, jioni inarudi yenyewe kama vile haikwenda popote. Fundi akija inatoa sauti safi, fundi akigeuza mgongo inanyamaza. Ugonjwa huu ndo unaokula hela za watu, kwa sababu kila unachobadilisha kinaonekana kimeponya, kumbe sauti ilikuwa inarudi yenyewe tu.

Mimi sio injinia. Nimemaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani kidogo, alafu nikapata kibarua cha kuangalia kafe moja hapa Morogoro, upande wa Msamvu. Ninayoandika hapa nimeyajifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe nitalisema wazi.

KOFI LANGU

Kafe yetu ina mashine 8. Namba 4 ndo yenye kamera, kwa hiyo mtu akitaka kuongea kwa video anakaa pale. Spika zake zilianza kukatika, na mimi nikagundua "dawa" yake: unaipiga kofi spika ya kulia, sauti inarudi. Nikawa naipiga kofi. Wateja nao wakazoea, wengine wakawa wanaipiga wenyewe bila kuniita. Wiki 3 tukaishi hivyo.

Siku moja akaja dada mmoja, kavaa vizuri, ana bahasha ya vyeti mkononi. Akaniambia, "Kaka, nina usaili wa kazi kwa video saa nne, naomba mashine yenye kamera." Nikamweka namba 4. Hazikupita dakika 10, sauti ikakata. Nikaenda mbio nikapiga kofi, ikarudi. Ikakata tena. Nikamsikia anasema, "Samahani, naomba urudie swali." Baadaye kidogo tena, "Samahani sana, sijasikia." Mara ya tatu sauti iliporudi, yule wa upande wa pili alikuwa kashahamia swali lingine.

Alipomaliza alilipa saa nzima, akasema, "Asante kaka," akaondoka. Hakulalamika hata neno moja. Heri angenitukana.

Mama mwenye kafe aliposikia akaita fundi. Fundi akaangalia dakika 5 bila kuchomoa hata waya mmoja, akasema madabodi imekwisha, andaa shilingi 120,000. Mama akanigeukia, "Mwanangu, mashine hii mwezi uliopita ilikuwa nzima. Umeifanya nini?" Nikaona kabisa hiyo hela inaelekea kwenye mshahara wangu. Nikamwambia, "Mama, naomba siku 2 tu. Nikishindwa, fundi arudi."

Yaliyofuata ndo haya.

KITU CHA KWANZA KUELEWA

Kitu kinachokatika na kurudi mara nyingi hakijafa. Kuna mahali hapashiki vizuri, au kuna kitu kinaigeuzia sauti njia. Kazi yako ni kupajua mahali hapo KABLA ya kununua chochote.

Na kofi je? Kama kofi linarudisha sauti, halijaponya. Limekuambia ugonjwa ulipo: ni waya, plagi, tundu au lehemu. Programu haisikii kofi. Mimi nilikuwa na jibu mkononi wiki 3 nzima, nikalitumia kama dawa badala ya kulisoma.

NJIA YA SAUTI

Fikiria bomba la maji kutoka tangini hadi kwenye ndoo. Maji yasipofika, hubomoi nyumba, unafuata bomba kipande kwa kipande. Sauti nayo ina bomba lake:

1. Programu unayotumia (brauza, kicheza muziki, simu ya video).
2. Windows, inayochanganya sauti zote na kuchagua zitokee wapi.
3. Draiva, yaani programu ndogo inayoongea na kifaa cha sauti.
4. Chipu ya sauti iliyo kwenye madabodi, inayogeuza tarakimu kuwa umeme wa sauti.
5. Tundu la kijani nyuma ya kompyuta, na plagi inayoingia humo.
6. Waya.
7. Kitufe cha kuzungusha cha volyumu, alafu amplifaya iliyo ndani ya spika.
8. Spika yenyewe, pamoja na umeme unaoilisha.

Namba 1 mpaka 3 ni programu. Namba 4 mpaka 8 ni vitu vya kushika. Swali la kwanza siku zote ni: tatizo liko juu ya mstari huo au chini yake?

HATUA YA 1: TAZAMA KABLA HUJAGUSA

Sauti ikikata, usikimbilie kuchomoa. Jiulize haya kwanza.

Inakata kwenye video za mtandaoni tu? Kama na picha inaganda, hiyo ni intaneti, spika zimesingiziwa. Cheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta. Usipokata, ongea na mwenye kafe kuhusu mtandao.

Inakata upande mmoja au pande zote mbili? Upande mmoja ukikata na kurudi, mara nyingi ni waya, plagi au tundu.

Taa ya spika inazimika pamoja na sauti? Basi ni umeme wa spika: adapta, soketi ya ukutani, ekstensheni au waya wa USB.

Alafu kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawakijui, na ndicho kilichoniokoa. Shika kitufe cha Windows, bonyeza R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Linafunguka dirisha la sauti lenye orodha ya vifaa. Pembeni ya kila kifaa kuna vimistari vinavyopanda na kushuka rangi ya kijani sauti inapopita. Liache dirisha hilo wazi, cheza wimbo, subiri sauti ikate. Ikikata, tazama:

- Vimistari vya spika vinacheza lakini husikii kitu: Windows inatuma sauti vizuri. Tafuta chini, kuanzia draiva na chipu hadi spika.
- Vimistari vimelala: sauti haifiki huko. Tatizo ni programu au Windows.
- Vimistari vinacheza kwenye kifaa kingine, mfano monita: Windows imehamisha sauti. Tutalifikia hilo.

Kwenye namba 4, vimistari vilikuwa vinacheza kama kawaida huku spika kimya.

HATUA YA 2: BADILISHANA KIMOJA KIMOJA

Chukua hedfoni unayojua ni nzima. Punguza volyumu kwanza usijiumize masikio. Chomoa spika, chomeka hedfoni kwenye tundu LILELILE la spika, cheza wimbo.

Hapa watu wengi wanajidanganya. Wanasikiliza dakika 2, wanasema imepona. Kama ugonjwa unatokea kila nusu saa, dakika 2 hazipimi kitu. Sikiliza muda mrefu kuliko ule ambao kawaida inakata. Mimi nilikaa na hedfoni saa 1 na nusu nikiendelea kuhudumia wateja. Haikukata hata mara moja.

Kisha fanya upande wa pili: chukua zile spika uzichomeke kwenye simu yenye tundu la hedfoni, au kwenye redio, au kompyuta nyingine. Majibu yanasomwa hivi:

- Hedfoni haikati, spika zinakata hata kwenye simu: spika ndo mbovu. Kompyuta haina kosa.
- Hedfoni inakata, spika kwenye simu ni nzima: tatizo ni kompyuta, kuanzia tundu kurudi nyuma.
- Vyote vizima kila kimoja peke yake: plagi ya spika na tundu la kompyuta havishikani vizuri, ama zinalegea zinapokutana.
- Vyote vinakata: una matatizo mawili. Tibu moja kwanza.

Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hata ikipona hutajua kilichoponya. Kimoja kimoja, jamani.

HATUA YA 3: KAMA MBOVU NI SPIKA

Anza na umeme. Hamisha adapta kwenye soketi nyingine. Spika ndogo zinazokula umeme wa USB zihamishie tundu la USB la nyuma ya kompyuta, usipitishe kwenye kigawanyio. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500. Ukifungulia besi mpaka mwisho spika inaweza kutaka zaidi ya hapo, umeme unashuka, inazima na kuwaka. Dalili yake: inakata kwenye volyumu kubwa tu. Punguza uone.

Waya. Cheza sauti isiyobadilika sana, alafu pinda waya taratibu, sentimita chache chache, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Pakague zaidi pale unapotokea kwenye plagi na pale unapoingia kwenye spika, maana hapo ndo unapokunjwa kila siku. Nje unaonekana mzima, ndani nyuzi zimekatika zinagusana kwa bahati. Ukipapata mahali sauti inaruka, umemkamata mwizi.

Kitufe cha volyumu. Kama ukikizungusha kinakwaruza "krr krr", ndani kuna vumbi au njia yake imechakaa. Zima spika, chomoa umeme, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Mara nyingi inapata nafuu. Isipopata, kuna dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti za umeme, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Puliza kidogo, zungusha, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitie maji, mafuta ya kupikia wala petroli. Nimeshaona mtu katia mafuta ya kula, vumbi likageuka tope.

Lehemu. Ndani ya spika vitufe na matundu yamebanwa kwenye bodi kwa lehemu. Vikivutwa na kusukumwa miaka, lehemu inapasuka kakipete kembamba kuzunguka mguu wa kifaa. Ikigusana sauti ipo, ikiachana hamna. Huu ndo ugonjwa unaoitikia kofi.

Kuna spika nyingine zinajizima zenyewe kubana umeme zikikaa bila sauti, au sauti ikiwa ndogo mno. Ukisikiliza kitu cha taratibu zinadhani umeondoka. Hapo hamna ubovu: pandisha volyumu ya kompyuta, punguza ya spika.

Turudi namba 4. Nilichomeka spika zake kwenye simu yangu, zikakata. Nikapinda waya wote, kimya hakibadiliki. Nikasukuma kitufe cha volyumu kwa kidole kuelekea kushoto, sauti ikaruka juu. Nikaachia, ikapotea. Nikasukuma, ikarudi.

Nikazichukua mpaka kwa mzee mmoja fundi redio. Akafungua, akasogeza taa, akasema, "Njoo uone, mjukuu wangu." Mguu mmoja wa kile kitufe ulikuwa na kakipete keusi kamezunguka. Akagusa kwa chuma cha moto na lehemu mpya, sekunde chache tu. Akaniuliza, "Nani alikuwa anaipiga?" Nikanyamaza. Akasema, "Kila ukipiga, ufa unakua." Akachukua shilingi 2,000.

Madabodi ya 120,000 ilikuwa nzima muda wote.

HATUA YA 4: KAMA TATIZO NI KOMPYUTA

Sio kila mashine ni kama namba 4. Hizi ndo sababu za upande wa kompyuta, anza na rahisi.

Tundu sahihi. Kijani ni la spika, waridi ni la maikrofoni, bluu ni la kuingiza sauti kutoka nje. Rangi hizi zilipangwa kwenye mwongozo wa PC 99 wa Microsoft na Intel, ndo maana mashine nyingi za mezani zinafanana. Sukuma plagi mpaka usikie "tk". Kafe zilizo karibu na barabara matundu yanajaa vumbi, plagi inaishia njiani. Zima mashine, toa vumbi kwa brashi laini au hewa ya kupuliza. Usichokonoe na sindano.

Plagi za simu. Plagi ya spika ina vipande 3: kushoto, kulia, na waya wa kurudishia. Plagi ya hedfoni ya simu yenye maikrofoni ina vipande 4. Ukiichomeka kwenye tundu la vipande 3 mara nyingi inafanya kazi, saa ingine haikai sawa. Dalili nzuri ya kujua: muziki unasikika kwa mbali lakini mwimbaji kapotea. Hapo ule waya wa kurudishia haushiki. Vuta plagi milimita moja nje uone kama mwimbaji anarudi.

Matundu ya mbele. Mashine nyingi za mfumo wa sauti wa HD Audio, ambao Intel waliutoa mwaka 2004, zinatambua ukichomeka kitu mbele na zinaweza kunyamazisha spika za nyuma. Swichi ndogo iliyo ndani ya tundu la mbele ikilegea, kompyuta inadhani kuna mtu kachomeka hedfoni, sekunde inayofuata inadhani kachomoa. Sauti inakwenda na kurudi. Mashine yetu namba 2 ilikuwa hivyo, ilikuwa inakata mtu akigusa boksi kwa goti. Tulizima umeme, tukafungua boksi, tukachomoa ule waya mdogo wa sauti unaotoka mbele kwenda kwenye madabodi. Spika za nyuma hazijakata tena. Hedfoni sasa zinachomekwa nyuma.

Windows kuhamisha sauti. Monita iliyounganishwa kwa HDMI au DisplayPort inaweza kuhesabika kama kifaa cha sauti, hata kama haina spika. Ikilala na kuamka, Windows inaweza kubadilisha njia. Bonyeza alama ya spika chini kulia, angalia kifaa kilichochaguliwa. Kwenye lile dirisha la mmsys.cpl, bofya spika zako kisha "Set Default". Kifaa cha monita kisichohitajika, bofya kulia kisha "Disable".

Kunyamazishwa na simu. Dirisha lilelile lina sehemu inaitwa "Communications". Kawaida imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 Windows ikihisi kuna simu. Kama muziki unazama ghafla ukifungua programu ya kuongea, chagua "Do nothing".

Mbwembwe za sauti. Bofya spika zako, "Properties". Ukiona sehemu ya "Enhancements", zima zote. Kwenye "Advanced" ondoa tiki za programu kumiliki kifaa peke yake, ile inayosema "exclusive". Programu moja ikishika kifaa peke yake, nyingine zote zinanyamaza mpaka iachie.

Usingizi wa chipu. Kama kinachopotea ni sekunde ya kwanza tu ya kila sauti, alafu inaendelea vizuri, hiyo ni chipu iliyolala kubana umeme na inachelewa kuamka. Haijaharibika.

Kompyuta kuzidiwa. Kukwaruza na kutatarika sio sawa na kukata kabisa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama CPU iko karibu asilimia 100 kila sauti inapotatarika, funga madirisha, punguza programu. Brauza yenye kurasa 30 wazi kwenye mashine ya zamani ni mzigo.

Huduma na draiva. Shika Windows na R, andika services.msc, tafuta "Windows Audio", bofya kulia, "Restart". Sauti ikirudi kila ukifanya hivyo, basi ni programu. Fungua "Device Manager", kwenye vifaa vya sauti bofya chako kulia, "Uninstall device", washa mashine upya, Windows itajiwekea draiva yenyewe. Kama ugonjwa ulianza baada ya mashine kujisasisha, ingia "Properties", kisha "Driver", kisha "Roll Back Driver". Draiva ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta. Zile kurasa zinazokuambia "draiva zako 27 zimeharibika, bofya hapa" ziogope kama umeme. Sisi bado tuna Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia bure kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo uangalifu ni mara mbili.

Mwamuzi wa mwisho. Ukishindwa kujua ni programu au kifaa, weka Linux kama Ubuntu kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo bila kuisakinisha, cheza sauti muda mrefu. Ikikata na huko, Windows haina kosa, tafuta kwenye vifaa. Isipokata, rudi kwenye draiva.

Na hata kama tundu au chipu ya madabodi imekufa kweli, bado huna haja ya madabodi mpya. Kuna kifaa kidogo cha sauti cha USB, unachomeka spika humo, kinafanya kazi yote ya chipu ya ndani. Bei yake hailingani hata kidogo na ya madabodi.

DALILI KWA UFUPI

- Kofi linarudisha sauti: lehemu, waya au plagi.
- Upande mmoja unakata: waya, plagi, tundu.
- Kitufe kinakwaruza: vumbi kwenye volyumu.
- Taa inazimika: umeme wa spika.
- Mwimbaji kapotea: plagi haijakaa.
- Inakata mtu akigusa boksi: tundu la mbele au la nyuma.
- Inakata monita ikilala: Windows imehamisha sauti.
- Picha na sauti vyote vinaganda: intaneti.

KAMA WEWE NI MTEJA TU WA KAFE

Mashine nyingi za kafe zimefungwa, huruhusiwi kugusa mipangilio. Bado una uwezo. Angalia kama ukurasa wenyewe umenyamazishwa: bofya kulia kwenye kichwa cha ukurasa juu ya brauza. Angalia volyumu ya video yenyewe. Angalia kifaa cha sauti kilichochaguliwa. Chomeka hedfoni yako. Ikiwa bado, omba kuhamia mashine nyingine, ni haki yako, umelipa.

Kama una usaili, mtihani au simu muhimu, fika nusu saa kabla. Cheza wimbo dakika 15, piga simu ya majaribio kwa rafiki. Njoo na hedfoni yako yenye waya, ndo bima ya bei rahisi kuliko zote. Na ukimwona mhudumu anapiga spika kofi, hama.

TAHADHARI

Spika nyingi zinazochomekwa moja kwa moja ukutani zina umeme wa volti 230 ndani. Usifungue ikiwa imechomekwa, na hata ukichomoa, kapasita kubwa zinabaki na chaji kwa muda. Kama hujawahi kushika lehemu, mpelekee fundi redio. Ila mpelekee ukiwa na maneno haya: "Nimejaribu kwenye simu, inakata. Nikisukuma kitufe inarudi." Fundi anayejua kazi atashukuru. Fundi anayetaka kukuuzia madabodi atabadilisha sura.

Mama alirudishiwa mashine yake, mshahara wangu ulibaki salama. Siku ile niliyochukua spika kwa mzee alinipa na hela ya hedfoni mbili, ziko kwenye droo ya kaunta, mwenye usaili anaazimwa bure.

Yule dada hajarudi. Nikimwona nitamwambia ukweli kwamba shilingi 2,000 na dakika chache za kufikiri zingetosha, na mimi nilikuwa na wiki 3.

Wadau, kama una mashine inayokusumbua, andika hapo chini kwenye maoni. Ila usiandike "sauti haitoki nisaidie". Andika: inakata upande gani, vimistari vya kijani vinacheza au vimelala, hedfoni inasemaje, na umeshajaribu nini. Hapo tutasaidiana. Na mafundi mliomo humu, nikikosea mahali nisahihisheni, bado najifunza.

Nawasilisha.